Chumvi yenye kubeba motokari

Ndugu msomaji, leo tunakualika kwa safari ya mbali. Hautahitaji pasporti wala feza ya tikiti. Kaa tu karibu na taa, ita watoto, na tusafiri pamoja kwa akili. Tunaenda Marekani, katika jimbo la Utah, fasi moja yenye kuitwa Bonneville. Vijana watapenda, kwa sababu ni habari ya motokari na ya mbio. Baba na mama nao wasitupe gazeti pembeni, kwa sababu mwisho wa safari tutakuta kompanyi ya kuchimba, mifereji yake, na udongo wenye kupunguka. Hiyo habari ninyi watu wa inchi ya mine mnaijua mbele hatujaanza kuisema.

Lami inakatika

Ukitoka mji wa Salt Lake City, unashika barabara kubwa yenye kuelekea upande jua linashukia. Unakwenda kilometa karibu 180, na sehemu kubwa ya njia ni sawa kamba iliyovutwa, hakuna kona. Mbele kidogo ya kufika mji mdogo wa Wendover, kwenye mpaka wa jimbo la Nevada, kuko njia ndogo ya lami upande wa kuume. Unaifuata kilometa chache, kisha lami inakatika. Mbele yako hakuna njia tena. Kuko uwanda mweupe tu, sawa vile mama ametandika shuka moja mpaka chini ya milima.

Shuka chini, uguse. Ni chumvi. Sehemu kubwa yake ni ile ile tunayotia katika sombe. Hakuna mti, hakuna majani, hakuna ndege wa kuimba. Wakati wa joto ukoko wa chumvi unakauka na kupasuka, na ile mipasuko inachora vyumba vyumba juu ya uwanda, karibu sawa masega ya nyuki. Jua linapiga kutoka juu, na tena linarudi kutoka chini, kwa sababu weupe unalitupa. Watu wageni wanaungua chini ya kidevu na hata ndani ya pua. Bila miwani myeusi huwezi kukaa saa nyingi. Macho nayo yanadanganyika: milima ya mbali inaonekana kama imetoka udongoni na kuelea hewani.

Juu ya bahari, fasi ile iko kwa mita karibu 1,280. Mtu wa Lubumbashi hatapata shida ya kupumua, kwa sababu mji wetu uko karibu kimo kile kile. Lakini motere inaona shida. Hewa ya kule juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na motere yenye kukosa hewa inakosa nguvu. Ukumbuke neno hilo, tutalirudilia.

Chumvi hiyo ilitoka wapi? Zamani sana ziwa kubwa lilifunika sehemu kubwa ya Utah ya magharibi. Wakati inchi ilipokauka, maji yalipanda hewani, chumvi ikabaki. Jina Bonneville ni la ofisa mmoja wa jeshi, Benjamin Bonneville, aliyeongoza safari katika inchi zile za magharibi miaka ya 1830. Mwaka wa 1846 kundi la wahamaji wenye kuitwa Donner walipita jangwa lile na magari ya kukokotwa na ngombe. Walifikiri ukoko ni mgumu. Lakini chini ya chumvi kuko matope, na magurudumu yakazama. Walipoteza ngombe, walipoteza siku, wakafika milima ya California kwa kuchelewa, na theluji ikawafungia njia. Katika watu karibu 87, karibu nusu walikufa. Ona basi: chumvi hii inabeba, na tena inameza. Yote inategemea unene wake na ukavu wake.

Wakubwa walipita hapa

Motokari za mbio zilianza kujaribiwa hapo mwaka wa 1914. Mwaka wa 1935 Mwingereza Malcolm Campbell alifikisha kilometa 484 kwa saa ndani ya gari lake Blue Bird. Mwaka wa 1947 Mwingereza mwingine, John Cobb, alifika 634. Mwaka wa 1970 Mmarekani Gary Gabelich, ndani ya Blue Flame yenye kusukumwa na roketi, alipita 1,000. Kiisha wale wakubwa walihamia jangwa lingine, Black Rock katika Nevada, na kule mwaka wa 1997 Andy Green alipita sauti yenyewe: kilometa 1,227 kwa saa.

Hizo habari ni za ajabu, lakini ni za watu wenye kompanyi na mamilioni nyuma yao. Leo hatukukuleta mbali namna hii juu yao. Tumekuleta uone wale wadogo: fundi wa garaji, mwalimu, mstaafu, mwanafunzi, wenye kuleta motokari ndogo sawa zile zenye kupita mbele ya nyumba yako, na kuzikimbiza juu ya chumvi ile ile iliyobeba Campbell na Cobb.

Kila mtu na wa kipimo chake

Mwaka wa 1937, kule kusini ya California, vikundi vya vijana waliopenda kutengeneza Ford za zamani waliungana na kufanya chama kimoja. Wakati ule walikimbiza motokari zao juu ya maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage. Nyuma ya vita kubwa waliomba ruhusa ya kwenda kwenye chumvi ya Utah, na mwaka wa 1949 walifanya pale juma lao la kwanza la mbio. Tangu wakati ule wanajaribu kurudi kila mwaka, mwezi wa Agosti, wakati chumvi imekauka vizuri.

Utauliza: "Mtu mwenye motokari ndogo atashindana namna gani na mwenye motere kubwa sana?" Jibu ni kwamba hashindani naye. Chama kiligawanya motere kwa herufi. Motere ya sentimita kibe 500 au chini yake ni K. Mpaka 750 ni J. Mpaka 1,000 ni I. Mpaka 1,500 ni H. Mpaka 2,000 ni G. Mpaka 3,000 ni F, na vile vile kuendelea mpaka zile kubwa kabisa. Kiisha wanagawanya tena kwa umbo la gari. Kuko magari marefu yaliyotengenezwa sawa risasi, yasiyofanana na motokari yoyote ya barabarani. Na kuko kundi la magari ya kiwanda. Hapo sheria ni kali: gari libaki na umbo lile lile lilitoka nalo kiwandani. Usikate paa, usichonge pua, usitoe vioo. Mtu akilitazama aseme: "Hii ni gari ya jirani yangu."

Hesabu ukiona makundi yote pamoja, ni mamia. Kila kundi lina rekodi yake katika kitabu, na kila rekodi ina jina la mtu. Wenye kuvunja rekodi yenye kupita maili 200 kwa saa, ni kusema kilometa 322, wanaweza kuingia katika klabu moja ndogo na kuvaa kofia nyekundu. Feza? Hakuna. Hakuna zawadi ya feza, hakuna motokari mpya. Mtu anarudi nyumbani na madeni, chumvi katika viatu, na mstari mmoja katika kitabu.

Upepo ni adui wa kwanza

Kijana mwenye kupenda mekanika asikilize vizuri hapa. Kwa mwendo mdogo, motere inapigana zaidi na uzito wa gari. Kwa mwendo mkubwa, inapigana na upepo. Na upepo hauhesabu sawa sisi. Ukitaka kuzidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kushinda upepo haizidi mara mbili. Inazidi mara nane. Tuseme gari fulani linafika kilometa 150 kwa saa na nguvu za farasi 60. Ukitaka lile lile lifike 300, utatafuta karibu 480. Njo sababu kilometa tano za mwisho zinakula kazi ya miaka mitano.

Tuchukue mfano. Mwaka wa 2016 kompanyi Volkswagen ilileta Beetle mpya, mjukuu wa ile Coccinelle tunayoijua sisi wote. Ile ya duka ilikuwa na nguvu karibu 170. Hii ya chumvi waliitia nguvu 543 kutoka motere ya lita mbili tu, wakaishusha chini, na mwandishi wa habari mmoja akaiendesha kwa kilometa 330 kwa saa. Nguvu zaidi ya mara tatu, lakini mwendo haukukaribia mara tatu. Mwaka wa 2018 walirudi na Jetta, nayo ya lita mbili, katika kundi la G. Rekodi ya zamani ilikuwa maili 208 na nusu kwa saa. Jetta ikapata 210. Kazi yote ile juu ya maili moja na nusu!

Hewa nyepesi ya kimo kile inasaidia upande mmoja, kwa sababu ni rahisi kuipasua. Lakini ile hewa nyepesi inanyima motere pumzi, njo maana wengi wanafunga mashini ya kusukuma hewa ndani kwa nguvu.

Adui wa pili ni chumvi yenyewe. Haishiki pine sawa lami. Ukikanyaga kwa hasira, gurudumu linazunguka bure na gari linageuka kichwa nyuma. Sasa ona ajabu: barabarani kila fundi anatafuta gari jepesi, lakini pale watu wanaongeza risasi, ile madini nzito, chini ya viti ili pine zishikwe na udongo. Hakuna haraka ya kuondoka, kwa sababu njia ni ndefu. Gari linaongeza mwendo pole pole, maili kwa maili. Waswahili walisema haraka haraka haina baraka, na hata mahali pa mbio kubwa namna hii msemo unasimama.

Mbele ya kuruhusiwa, gari linapita kwa wakaguzi. Wanatafuta chuma cha duara kilichochomelewa ndani ili paa lisimponde shofere likipinduka. Wanatazama mikanda, nguo za kuzuia moto, kaske, chupa za kuzima moto, pine zenye kuvumilia mwendo ule. Magari yenye mbio kubwa yanabeba parashuti nyuma, kwa sababu freni peke yake haitoshi. Bulo moja iliyolegea inatosha kukurudisha kwenye mustari. Na shofere mgeni haruhusiwi kwenda kasi yote siku ya kwanza. Anapanda ngazi: anaonyesha kwamba anaweza mwendo fulani, anapewa ruhusa ya mwendo wenye kufuata. Watu wamekufa pale, hata wenye ujuzi wa miaka mingi. Sheria zile ziliandikwa nyuma ya machozi.

Asubuhi ya pili

Sasa simama kwenye mustari pamoja na watu. Gari lenye kusukuma linakuja nyuma ya gari la mbio, kwa sababu giya ya kwanza ni ndefu sana na motere peke yake haiwezi kuanza vizuri. Linalisukuma, linaliacha, na lile dogo linaondoka. Sauti inakaa kwa masikio wakati macho yameisha kulipoteza. Shofere anafuata alama nyeusi zilizochorwa juu ya weupe. Katikati ya njia kuko maili za kupimwa: gari linakata mwali wa taa mwanzoni na mwali mwingine mwishoni, na saa inahesabu wakati wa katikati. Kiisha parashuti inafunguka, gari linapunguza, linageuka pembeni.

Amepita rekodi? Basi watu wanafikiri atashangilia. Bado. Mbio moja si rekodi. Gari linapelekwa kwenye uwanja wenye kulindwa, na fundi wanapewa saa nne tu za kulitengeneza mbele ya wote. Usiku gari linalala pale. Asubuhi ya pili, mapema, wakati hewa ni ya baridi na kimya, shofere anakimbia tena. Wanajumlisha mbio mbili na kugawanya kwa mbili. Hiyo hesabu ikipita ya zamani, njo rekodi. Ikikosa, hata kwa kidogo sana, hakuna kitu.

Ni sheria nzuri. Inazuia bahati. Motere yenye kutoa nguvu yote siku moja na kupasuka usiku haipati jina. Inapata jina ile yenye kuamka.

Mzee wa New Zealand na wenzake

Mwaka wa 1920 kijana mmoja wa New Zealand, Burt Munro, alinunua pikipiki mpya ya kiwanda, Indian Scout. Mwisho wake ilikuwa karibu kilometa 88 kwa saa. Alikaa nayo ile ile, akaitengeneza miaka 47. Alikosa feza ya vipande, basi aliyeyusha madini na kumimina pistoni zake mwenyewe katika banda lake. Vipande vilivyopasuka alivipanga kwenye ubao, akavitunza. Mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi Bonneville, katika kundi la chini ya sentimita kibe 1,000, kwa kilometa 296 kwa saa. Filamu yake ilitoka mwaka wa 2005, na watu wengi walijua chumvi kupitia yeye.

Mwaka wa 1957 Mwingereza Stirling Moss alilala ndani ya gari dogo la kompanyi MG, lenye motere ya 1,500 tu nyuma yake, akafika kilometa 395 kwa saa. Mwaka wa 2016 kikundi cha wafanyakazi wa Honda kilichukua motere ya gari lao dogo kabisa la barabarani, ya sentimita kibe 660, kuliko hata pikipiki nyingi kubwa, wakaiweka ndani ya umbo la risasi. Ilipita 421. Na katika Utah yenyewe, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walijenga gari la umeme lenye uzito wa chini ya kilo 500, wakifanya kazi karibu miaka 10. Mwanafunzi mmoja alimaliza masomo, mwingine akashika kazi. Mwaka wa 2014 lilifika kilometa karibu 330.

Ukitazama hawa wote, utaona neno moja: hakuna mmoja aliyemaliza peke yake kwa siku moja. Lakini kuko mwenzi mmoja ambaye wote walimhitaji na ambaye hakuna aliyemtengeneza. Ni chumvi.

Mifereji

Sasa tugeuke upande wa kusini wa barabara kubwa. Huko kuko mabwawa na mifereji mirefu. Ni ya kompanyi yenye kutafuta potasi. Kazi hiyo ilianza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mbele ya vita Marekani ilinunua potasi kwa Wajeremani. Vita ilipokata biashara, waliitafuta kwao nyumbani, wakaikuta ndani ya maji ya chumvi yenye kukaa chini ya ukoko wa Bonneville.

Namna yao ya kuchimba si sawa yetu. Hakuna shimo kubwa, hakuna baruti. Wanachimba mifereji, na maji ya chumvi kutoka chini ya uwanda yanaingia humo yenyewe. Yanapelekwa mpaka mabwawa, jua linayakausha, potasi inakusanywa. Potasi ni kitu kizuri: ni mbolea, inalisha mahindi na viazi. Jamaa nyingi za Wendover zimekula mkate wa kazi ile kwa miaka zaidi ya 100. Hatuwezi kuidharau.

Lakini maji yale, yakiondoka, yanaondoka na chumvi ya kawaida pia, na hiyo inabaki katika mabwawa ya kusini. Hairudi kwenye uwanda. Na uwanda unaishi kwa kurudishiwa. Sikiliza namna unavyojitengeneza: wakati wa baridi maji yanafunika chumvi, kimo cha kifundo cha mguu, yanayeyusha uso wake wote, mipasuko na alama za magurudumu. Wakati wa joto maji yanakauka, chumvi inakaa tena, sawa kioo. Kila mwaka ukurasa mpya. Lakini kama chumvi katika akiba inapunguka, ukurasa nao unakuwa mwembamba, na matope ya chini yanakaribia.

Njo vile imekuwa. Zamani waliweza kuchora njia ya maili 13. Miaka hii mara nyingi hawapati zaidi ya maili nane. Juma la mbio lilifutwa mwaka wa 2014 juu ya mvua, likafutwa tena mwaka wa 2015 kwa sababu chumvi ilikuwa mbaya na matope yalionekana, likafutwa tena mwaka wa 2022 juu ya maji. Watu waliojenga gari miaka mingi walilirudisha nyumbani bila kulishusha kwenye gari la kubeba.

Serikali haikukosa kujua. Fasi ile ni udongo wa taifa. Iliandikwa katika orodha ya mahali pa historia mwaka wa 1975, na mwaka wa 1985 ikawekwa kati ya mahali pa kulindwa zaidi. Lakini serikali ile ile njo ilikodisha udongo kwa kuchimba. Tangu mwaka wa 1997 walianza kusukuma maji ya chumvi kutoka upande wa mabwawa kuyarudisha juu ya uwanda wakati wa baridi. Watu wa mbio walishangilia. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walipopima kwa miaka, waliona ukoko ungali unapunguka. Maji ya kubeba ile chumvi nayo yanatolewa chini ya udongo, na kuyatoa kunabadilisha namna maji mengine yanavyotembea.

Tuseme ukweli wote. Si kompanyi peke yake. Barabara kubwa na reli vilikata uwanda vipande viwili, na maji hayatembei tena sawa zamani. Miaka yenye mvua kidogo na joto kali inaongeza shida. Hata wenye mbio hawana mikono safi kabisa: gari lenye kuingia wakati chumvi ni mbichi linapasua ukoko na kupandisha matope. Kila mmoja alichukua kidogo, kila mmoja kwa sababu yake nzuri. Wa mfereji alitafuta mkate na mbolea. Wa barabara alitafuta njia fupi. Wa mbio alitafuta furaha. Na chumvi haikuwa na mtu wa kuhesabu kwa ajili yake.

Nani anahesabu?

Wapenzi wasomaji, ni hapo tunataka kukaa kidogo na ninyi. Kule Bonneville kuko hesabu kali sana. Wanapima motere kwa sentimita. Wanapima wakati kwa sehemu ndogo ndogo za sekunde. Motokari ya kundi dogo haionewi na ya kundi kubwa. Mbio moja haiaminiwi bila ya pili. Lakini kwa miaka mingi ile hesabu kali ilisimama juu ya kitu ambacho hakikupimwa kwa ukali ule ule. Watu walijua mwendo wa kila gari, hawakujua unene wa chumvi chini ya gari.

Sisi katika miji yetu ya mine tunajua tani ngapi zilitoka, mwaka gani, kwa bei gani. Mtoto wa Kolwezi au wa Likasi anaweza kukutajia. Lakini umuulize: mto huu ulikuwa namna gani wakati wa babu yako? Kisima kile kilikauka mwaka gani? Fasi gani mahindi yalikuwa yakiota, na sasa hayaoti? Mara nyingi ni wazee tu wenye kukumbuka, na hawakuandika.

Kijana, hiyo kazi unaweza kuianza bila motokari na bila feza. Chukua daftari. Uliza babu na nyanya. Andika mwaka, andika jina la mto, andika kimo cha maji wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Rudilia mwaka wenye kufuata. Sawa vile tumeona, mbio moja si rekodi. Siku mtu mkubwa atakuja kuuliza, utakuwa na kitu cha kumwonyesha, na hataweza kukuambia kwamba unaota.

Kule Utah watu wa mbio wamejifunza. Mbele ya juma la Agosti, mtu hasemi kwanza habari ya motere. Kikundi kinatoka asubuhi, kinatembea juu ya uwanda mweupe, kinapima ugumu wa chumvi na unene wake, fasi kwa fasi, na kuandika. Wakikuta inatosha, wanachora ile alama nyeusi na kuita magari. Wakikuta haitoshi, wanatuma habari kwa watu wote wabaki nyumbani, hata kama gari limekwisha kutengenezwa, hata kama feza imekwisha kulipwa. Mwaka mwingine watatembea tena.